Kutoka tabaka la GIS hadi modeli ya mtawanyiko: jinsi ya kuwakilisha vyanzo vya hewa chafu

Ramani ya GIS, yaani mfumo wa taarifa za kijiografia, inajua kitu kiko wapi. Modeli ya mtawanyiko wa hewa chafu inataka kujua jambo jingine kabisa: hewa inatokaje, kwa kimo gani, ina joto kiasi gani, inasukumwa au inajitokea yenyewe. Makosa mengi hulala katikati ya maswali haya mawili. Mtu anafungua tabaka la viwanda, anakuta poligoni 40, anaziingiza zote kama vyanzo vya eneo, programu inazikubali bila kulalamika, na ramani ya matokeo inatoka na rangi zake za kupendeza. Kumbe moshi wa dohani ya mita 60, uliotoka ukiwa na nyuzi 150 za Selsiasi na ambao kwa kweli ungepanda juu sana kabla ya kushuka, umetandazwa uwanjani kama vumbi. Jirani wa kiwanda anapewa hatari isiyo yake, na anayeishi kilomita kadhaa upande upepo unakoelekea anasahaulika.

Hatua zifuatazo ndizo ninazozipitia kila mara. Majina ya aina za vyanzo nimeyachukua kutoka AERMOD, modeli ambayo EPA, shirika la mazingira la Marekani, iliipitisha kuwa modeli yake teule mwaka 2005. Ukitumia modeli nyingine kama ADMS au CALPUFF majina yatabadilika, lakini tabia ya moshi ni ileile.

Hatua ya 1: Tengeneza jedwali la vyanzo kabla ya kugusa ramani

Fungua jedwali tupu. Kila mahali hewa chafu inapotokea papewe mstari wake, hata kama pako ndani ya kiwanda kimoja. Kwa kila mstari jiulize hewa inapitia wapi.

Ikitoka kwenye tundu lenye kipenyo kinachopimika, kama dohani au bomba la jenereta, hiyo ni POINT. Ikivuja kwenye madirisha, milango na matundu ya paa la jengo, ni VOLUME. Ikiinuka kutoka uso mpana, kama rundo la makaa, dampo au bwawa la majitaka, ni AREA, au AREAPOLY kama umbo halina pembe mraba. Barabara ni LINE au mfululizo wa VOLUME. Machimbo ya wazi yana aina yake, OPENPIT, kwa sababu sehemu ya vumbi hubaki imenaswa shimoni.

Chukua kiwanda cha saruji. Kwenye GIS ni poligoni moja, yaani mpaka wa kiwanja. Kwenye jedwali lako kitakuwa dohani ya tanuri (POINT), marundo ya malighafi (AREAPOLY), jengo la kufungasha mifuko (VOLUME) na njia ya malori (VOLUME nyingi zilizopangwa kwa mstari). Mpaka wa kiwanja chenyewe si chanzo cha chochote. Kazi yake ni kukuonyesha wapi watu wa nje hawaruhusiwi kuingia, ili ujue vipokezi, yaani nukta ambazo modeli itakokotoa ukolezi wa hewa chafu, vianzie wapi.

Hatua ya 2: Hamisha kila kitu kwenye mita

AERMOD inasoma koordineti kwa mita. Tabaka lililo kwenye digrii za WGS84, yaani latitudo na longitudo, lihamishiwe kwenye UTM, mfumo wa koordineti za mita, kanda moja kwa mradi mzima. UTM ina kanda 60, kila moja na upana wa digrii 6. Mradi ukivuka mpaka wa kanda, chagua kanda moja na uendelee nayo hadi upande wa pili. Ukichanganya kanda mbili, nusu ya vyanzo vyako itaruka mamia ya kilomita.

Mtego ninaouchukia kuliko yote ni wa Web Mercator, EPSG:3857, projeksheni (njia ya kuilaza dunia ya mviringo kwenye ramani bapa) inayotumiwa na ramani za msingi za mtandaoni. Nayo huonyesha mita, kwa hiyo mtu hashtuki. Lakini mita hizo hutanuka kadiri unavyosogea mbali na ikweta. Kwenye latitudo ya 45 eneo huonekana mara 2 ya ukubwa wake, na kwenye latitudo ya 60 mara 4. Sasa fikiria uko kwenye latitudo ya 45, umekokotoa eneo la rundo katika projeksheni hiyo, ukagawa kiwango cha utoaji kwa eneo hilo, kisha ukahamisha umbo kwenye UTM. Umbo limerudi kwenye ukubwa wake halisi, ila kiwango kwa mita ya mraba kimebaki nusu. Nusu ya hewa chafu imepotea njiani, na hakuna ujumbe wowote wa kosa utakaokuambia.

Kwa hiyo: hamisha kwanza, ndipo ukokotoe eneo na urefu. Usizitumie safu za eneo zilizokuja na faili, kwa sababu hujui zilikokotolewa katika projeksheni gani.

Hatua ya 3: Safisha maumbo

Hapa sitakaa sana, maana zana za QGIS, programu ya ramani, zinafanya sehemu kubwa ya kazi. Tafuta maumbo yaliyorudiwa, kwani chanzo kilichochorwa mara mbili ni hewa chafu mara mbili. Vunja poligoni zenye sehemu nyingi ili kila sehemu iwe na kitambulisho chake. Poligoni yenye tundu katikati ikate kwenye tundu hilo ipate kuwa vipande viwili, kwa sababu AREAPOLY haielewi matundu. Mipaka yenye vipeo (nukta za kona) mamia irahisishe kwa kuruhusu mkengeuko wa mita chache. Vyanzo vya eneo ndivyo vinavyoilemea kompyuta, na kona ndogondogo za mchoraji hazina maana yoyote kwa upepo.

Jambo moja dogo limeniumiza zaidi ya mara moja. Faili la SHP hukata majina ya safu yanayozidi herufi 10. Safu za `kiwango_pm10` na `kiwango_pm25` zote mbili zinakuwa `kiwango_pm`, kisha programu inaibandika moja namba ili zitofautiane. Siku mbili baadaye hukumbuki ipi ni ipi. Tumia faili la aina ya GeoPackage, au weka majina mafupi tangu mwanzo.

Hatua ya 4: Geuza kila umbo kuwa chanzo

*Dohani.* Koordineti za kiwanda zinazotokana na anwani au leseni mara nyingi huangukia getini au kwenye ofisi. Nimewahi kupewa orodha ya dohani 9 ambazo zote zilikuwa na koordineti moja, na nilipoiweka juu ya picha ya setilaiti ile nukta ilikuwa katikati ya maegesho ya magari. Kwa dohani fupi, kosa la mita 200 linatosha kuhamisha kilele cha ukolezi kutoka ndani ya uzio hadi kwenye nyumba za watu.

Kwa hiyo tafuta dohani kwa macho. Kwenye picha ya setilaiti dohani ndefu huonekana kama imelala, kwa kuwa kamera haikuwa juu yake moja kwa moja, na kivuli chake kinaelekea upande mwingine. Fuata kivuli na mwili wa dohani hadi vinapokutana. Hapo ndipo shina lilipo, na hapo ndipo pa kubonyeza. Ukibonyeza kwenye ncha umekosea kwa makumi ya mita.

Kisha jaza sifa nne ambazo GIS haina: kimo kutoka chini, joto la gesi kwa Kelvin, kasi ya kutoka kwa mita kwa sekunde, na kipenyo cha ndani cha mdomo. Mistari yake huonekana hivi:

SO LOCATION DOHANI1 POINT 512340.0 4983180.0 118.0
SO SRCPARAM DOHANI1 2.5 60.0 423.15 14.0 1.8

Mstari wa kwanza una koordineti mbili na mwinuko wa ardhi. Soma wa pili taratibu: gramu 2.5 kwa sekunde, kimo cha mita 60, joto la Kelvin 423.15 (ndizo nyuzi 150 za Selsiasi), kasi ya mita 14 kwa sekunde, kipenyo cha mita 1.8. Mtu akiandika 150 badala ya 423.15, modeli itadhani gesi ni baridi kuliko barafu na moshi hautapata msukumo wa joto wa kuupandisha. Jihadhari pia na sifuri. Katika AERMOD joto la 0 maana yake ni gesi yenye joto sawa na hewa ya nje, kwa hiyo safu iliyoachwa wazi ikajazwa sifuri na programu ya jedwali inageuka kuwa dai kamili kuhusu dohani yako. Dohani yenye kofia ya mvua au iliyolazwa pembeni haisukumi moshi juu. Hizo zina aina zake, POINTCAP na POINTHOR.

*Jengo linalovuja.* VOLUME haina umbo. Inapokea koordineti za katikati, kimo cha katikati na vipimo viwili vya mtawanyiko wa mwanzo, cha ulalo na cha wima. Kwa jengo moja lililojitenga, gawanya urefu wa upande kwa 4.3 upate cha ulalo, na kimo cha jengo kwa 2.15 upate cha wima. Karakana ya mita 30 kwa 30 yenye kimo cha mita 10 inapata 6.98 na 4.65, na kimo cha kutolea hewa ni mita 5. Kama jengo ni la mita 40 kwa 20, tumia kipeuo cha pili cha eneo, mita 28.3, kama upande. Likiwa refu zaidi ya hapo, ligawe vipande vinavyokaribia mraba na ugawe utoaji kati yake.

Angalia pia sentroidi, yaani nukta ya katikati ya umbo, unayoitumia. Jengo lenye umbo la L au U linaweza kuwa na sentroidi inayoangukia nje ya kuta zake, uani. Na kumbuka kwamba VOLUME ina duara ambalo modeli haikokotoi chochote ndani yake: mara 2.15 ya kipimo cha ulalo, ongeza mita 1. Kwa karakana yetu ni mita 16. Kipokezi kilichomo humo kitaleta sifuri kutoka chanzo hicho, na sifuri hiyo isisomwe kama hewa safi.

*Uso mpana.* Hapa poligoni ya GIS inatumika karibu kama ilivyo. Kipeo cha kwanza kiwe kilekile ulichoandika kwenye LOCATION. Poligoni za GIS hurudia kipeo cha kwanza mwishoni ili kufunga umbo, lakini modeli inajifungia yenyewe, kwa hiyo ondoa marudio hayo kabla ya kuhesabu vipeo. Kiwango huandikwa kwa gramu kwa sekunde kwa mita ya mraba. Vyanzo vya eneo havina kupaa kwa moshi hata kidogo, ndiyo maana dohani haifai kuwekwa humo.

Chora pale panapotoa, usichore eneo zima la mali. Dampo la hekta 30 linaweza kuwa na hekta 2 tu zinazofanyiwa kazi leo, na zilizobaki zimefunikwa udongo. Ukitandaza harufu yote juu ya hekta 30, ukolezi karibu na uso wa kazi utashuka sana kwenye karatasi huku watu wa pale wakiendelea kuziba pua.

*Barabara.* Tabaka la barabara lina mstari wa katikati na pengine hesabu ya magari. Tuseme magari 1,200 kwa saa, kila moja likitoa gramu 0.4 za oksidi za naitrojeni kwa kilomita. Zidisha upate gramu 480 kwa kilomita kwa saa. Gawanya kwa mita 1,000 na sekunde 3,600, unabaki na gramu 0.000133 kwa sekunde kwa kila mita ya barabara. Chanzo cha LINE kinataka kiwango kwa mita ya mraba, kwa hiyo gawanya tena kwa upana. Kwa upana wa mita 10 unapata 0.0000133. Kila kipande kilichonyooka kinakuwa LINE moja, kuanzia kipeo hadi kipeo.

Kabla ya hesabu hiyo, chunguza kama barabara ya njia mbili imechorwa kwa mstari mmoja au miwili. Kama ni miwili, na hesabu ya magari ni ya pande zote mbili, utakuwa umehesabu kila gari mara mbili.

Ukiamua kutumia mfululizo wa VOLUME, kama ilivyozoeleka kwa njia za malori migodini, panga nukta kwenye mstari kwa nafasi sawa na upana wa njia, na hapo kigawanyo cha ulalo ni 2.15 badala ya 4.3. Njia ya mita 10 inahitaji nukta 100 kwa kilomita, kila moja ikibeba sehemu 1 ya 100 ya utoaji wa kilomita hiyo. Kwa vimo, kikundi kazi cha EPA cha mwaka 2012 kilipendekeza kilele cha vumbi kiwe mara 1.7 ya kimo cha gari, na kimo cha kutolea kiwe nusu ya kilele hicho. Lori la mita 4 linapata kilele cha mita 6.8, kimo cha kutolea cha mita 3.4, na kipimo cha wima cha 6.8 gawanya kwa 2.15, yaani 3.16. Kikundi hicho kilipendekeza pia kuongeza mita 6 kwenye upana, kwa sababu upepo wa gari lenyewe hulisukuma vumbi nje ya kingo.

*Vyanzo vidogo visivyohesabika.* Majiko ya nyumbani na mioto midogo haviwezi kuchorwa kimoja kimoja. Chukua jumla ya eneo la utawala, igawe kwenye gridi, tuseme ya kilomita 1, kwa uwiano wa idadi ya watu, kisha kila seli iwe AREA yenye kimo kinacholingana na paa. Ukifanya hivyo kuwa mkweli kwa msomaji wako: ndani ya seli moja huwezi kusema mtaa huu una hewa mbaya kuliko ule. Modeli imepewa wastani, na wastani ndio itakaokurudishia.

Hatua ya 5: Geuza vipimo, na uheshimu saa za kazi

Takwimu za utoaji hutolewa kwa tani kwa mwaka. Tani 1 kwa mwaka ni gramu 0.0317 kwa sekunde, kama chanzo kinafanya kazi saa zote. Uwanja unaotoa tani 12 za vumbi ni gramu 0.38 kwa sekunde. Ukiugawa kwa hekta 6, yaani mita za mraba 60,000, ni gramu 0.00000634 kwa sekunde kwa mita ya mraba.

Lakini kama kazi hufanyika saa 10 kwa siku kwa siku 300, zile tani 12 zimetoka ndani ya saa 3,000 tu. Kiwango halisi wakati wa kazi ni gramu 1.11 kwa sekunde, karibu mara 3 ya kile cha kwanza. Wastani wa mwaka mzima huficha jambo hilo, na wastani wa saa moja hulifichua. Zaidi ya hapo, mchana hewa huchanganyika vizuri na usiku hutulia, kwa hiyo kuutawanya utoaji wa mchana hadi usiku kunabadilisha matokeo kwa namna ambayo huwezi kuirekebisha baadaye kwa kuzidisha. Weka kiwango cha wakati wa kazi, kisha tumia amri ya EMISFACT kuzima na kuwasha kwa saa.

Hatua ya 6: Mwinuko na majengo

Kila chanzo kinahitaji mwinuko wa ardhi mahali kilipo, na AERMAP, programu saidizi ya AERMOD, huuchukua kwenye modeli ya miinuko. Kwa nukta ni rahisi. Kwa poligoni kubwa kwenye mteremko, linganisha mwinuko wa kati na wa kingo. Tofauti ikiwa kubwa, kata poligoni. Data za miinuko za mita 30 hazijui kwamba kiwanda kilichonga mlima kupata uwanja tambarare, kwa hiyo ukiwa na ramani ya upimaji wa kiwanja, iamini hiyo.

Tabaka la majengo nalo linaingia hapa, safari hii kwa ajili ya upepo. Jengo lililo karibu huuburuta moshi wa dohani chini. Kanuni ni hii: kimo cha jengo, ongeza mara 1.5 ya L, ambapo L ni kipimo kidogo kati ya kimo cha jengo na upana wake unaoukabili upepo. Jengo la kimo cha mita 20 na upana wa mita 40 lina L ya 20, kwa hiyo dohani fupi kuliko mita 50 iliyo ndani ya mita 100, yaani mara 5 ya L, inaathirika. Programu saidizi ya majengo, BPIPPRM, itafanya hesabu kwa kila upande wa upepo, mradi uipe pembe za majengo na vimo vyake. Tabaka nyingi za majengo zina pembe bila vimo. Usikisie ukiwa mezani. Hesabu ghorofa kwenye picha, au mwombe mtu aliye kiwandani akupimie.

Hatua ya 7: Rudisha faili kwenye ramani

Ukishaandika faili la kuingiza, kwa mkono au kwa skripti, lisome upya kama mgeni. Toa koordineti kutoka faili hilo lenyewe, usizichukue kwenye tabaka la awali, kisha zichore juu ya picha ya setilaiti. Latitudo na longitudo zilizobadilishana nafasi, kanda isiyo sahihi, poligoni iliyojikunja kwa kupangwa vibaya vipeo: yote huonekana kwa kutazama tu.

Kisha fanya jumla. Vyanzo nukta na vya ujazo, jumlisha gramu kwa sekunde. Vya eneo, zidisha kiwango kwa eneo lililomo kwenye faili. Vya mstari, kiwango kwa urefu kwa upana. Zidisha kwa saa za kazi, rudi kwenye tani, na ulinganishe na takwimu ulizoanza nazo, chafuzi moja baada ya nyingine. Mimi sikubali tofauti inayozidi asilimia 1, na kila ninapoikuta huwa natafuta hadi nipate chanzo kilichorudiwa au eneo lililokokotolewa kwenye projeksheni isiyo yake.

Mwisho endesha modeli kwa kila chanzo peke yake, kwa mwezi mmoja tu wa hali ya hewa, na utazame kilele kimeangukia wapi. Cha dohani ndefu kiwe mbali na shina lake. Cha rundo kiwe ukingoni pake. Kama kilele cha dohani kiko miguuni pake, rudi kwenye safu ya joto na ya kasi, halafu uangalie majengo. Na kwenye GeoPackage yako ongeza safu moja ya maandishi inayosema kwa nini kila chanzo kilipewa aina iliyopewa, kwa sentensi moja: «Paa lina matundu manne bila feni, VOLUME.» Atakayepitia kazi yako mwakani ataanza kusoma hapo.